Chuchu zisipasuke: mwongozo kwa mama wa uzazi wa kwanza

Chuchu nyingi hupasuka kwa sababu mtoto amekamata chuchu peke yake badala ya kujaza kinywa kwa ziwa. Chuchu ikibaki karibu na fizi, ulimi huibana kwenye kaakaa gumu na kuisugua kila anapovuta. Ikifika nyuma, kwenye kaakaa laini, hainyanyasiki. Ndiyo maana hakuna mafuta yatakayokusaidia kabla hujarekebisha namna mtoto anavyoshika ziwa.

Kaa umeegemea vizuri, kisha mlete mtoto kwenye ziwa. Usiiname wewe kumfuata. Tumbo lake liguse lako, na sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Mshike mabegani na shingoni. Usimsukume kisogo, maana akibanwa kichwa hujirudisha nyuma. Pua ielekeane na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ungoje hadi apanue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umvute karibu mara moja, kidevu kikitangulia kugusa ziwa. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi: akifungua nusu, atapata ncha tu.

Akishika vizuri, mdomo wa chini hubinuka nje, mashavu hujaa, na weusi unaozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akimeza. Siku za mwanzo, maumivu ya mvuto wa kwanza yanayopoa ndani ya nusu dakika ni ya kawaida. Yakiendelea, usivumilie. Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni mwa kinywa, kati ya fizi, mvuto ukatike, kisha anza upya. Kumchomoa kwa nguvu huchana ngozi. Tazama pia chuchu inapotoka. Ikiwa bapa, au imekatika mshazari kama lipstiki mpya, ilibanwa.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kabla hajaanza kulia, kwani mwenye njaa kali hukamata kwa pupa. Maziwa yakijaa, mara nyingi siku ya 3 hadi ya 5, ziwa huwa gumu na mtoto huteleza hadi kwenye ncha. Kamua kidogo kwa mkono hadi weusi ulainike, halafu mpe.

Sasa vya kupaka. Cha kwanza ni maziwa yako mwenyewe: matone 2 au 3 baada ya kunyonyesha, yakauke kwa hewa kabla hujavaa. Mafuta safi ya nazi yasiyo na manukato, kiasi cha punje ya mchele, huzuia ngozi kukauka. Wakati wa kuoga tumia maji tu. Sabuni na spiriti huondoa mafuta ya asili ya chuchu. Ukiona ufa, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe (ml 240) cha maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, loweka chuchu dakika 1, suuza kwa maji safi, kausha taratibu. Tengeneza mapya kila mara. Vaa sidiria ya pamba na ubadilishe kitambaa cha kufyonza maziwa kikilowa.

Asali usipake kabisa: inaweza kuwa na vimelea vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Shubiri ni chungu, mtoto anaweza kukataa ziwa au kuharisha. Na kusugua chuchu kwa taulo wakati wa ujauzito hakukomazi ngozi, kunaijeruhi tu.

Nenda kliniki ukiwa na homa na ziwa limeiva kwa wekundu, ukiona utando mweupe kinywani mwa mtoto huku chuchu zikikuchoma kama moto, au mtoto akishindwa kutoa ulimi nje ya fizi. Mama anayeishi na VVU akipata ufa unaotoa damu, anyonyeshe upande usio na kidonda, akamue na kumwaga ya upande wenye kidonda, aendelee na dawa zake na kumwona mhudumu siku hiyohiyo.