Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuziba Mwanga Unaovuja Katika Kamera Kuukuu za Kukunja

Kazi ya kuziba mwanga unaovuja katika kamera kuukuu ya kukunja huanzia kwenye negativu, wala haianzii kwenye kopo la rangi. Kabla hujaugusa mvukuto, yaani ule mfuko wenye mikunjo kama ya kodiani unaounganisha lenzi na mwili wa kamera, chukua negativu za filamu ya mwisho uliyopiga, yaani filamu iliyosafishwa ambayo kila palipopigwa na mwanga huonekana peusi, zielekeze kwenye mwanga, kisha utazame weusi usiotakiwa umeanzia wapi na umeishia wapi. Weusi ukikomea kwenye ukingo wa picha bila kuingia katika pambizo tupu ya filamu, mwanga umepitia mbele, kwenye mvukuto au kwenye shata (kile kilango cha lenzi kinachofunguka na kufunga kupiga picha), kwa kuwa fremu ya chuma iliyo mbele ya filamu huikinga pambizo hiyo. Ukivuka hadi pambizoni, chunguza mlango wa nyuma, bawaba zake na kidirisha chekundu kilicho nyuma ya kamera. Weusi unaofuata kingo tu za filamu, tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi si kosa la mvukuto hata kidogo: filamu ilizungushwa ikiwa imelegea kwenye kibiringo chake, kisha ikatolewa juani.

Kidirisha chekundu kinastahili kushukiwa mapema. Filamu ya 120, ile pana ya kuzungusha inayotumika katika kamera nyingi za namna hii na ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901, ina karatasi ya nyuma yenye namba, na mpigapicha huzisoma namba hizo kupitia kidirisha hicho ili ajue asimamishe filamu wapi. Filamu za zamani hazikuwa zikihisi mwanga mwekundu, hivyo kioo chekundu kilitosha kuzilinda; filamu nyingi za leo huuhisi, na ulinzi uliobaki ni ile karatasi pamoja na kioo ambacho huenda kimepauka. Niliwahi kupaka rangi mvukuto mzima ambao haukuwa na tundu hata moja, kumbe mwanga ulikuwa ukipenya kidirishani. Mikunjo ikawa minene, na mlango wa mbele haukufunga tena sawasawa. Kwa hiyo funika kwanza kidirisha kwa kipande cha tepu nyeusi, ukifunue kivulini wakati wa kuzungusha filamu tu, upige filamu moja namna hiyo ndipo uamue.

Shaka ikibaki kwenye mvukuto, tafuta chumba chenye giza kamili, nawe ukae humo kama dakika 10 hivi hadi macho yazoee. Kamera iwe tupu, imefunguliwa mbele na nyuma. Ingiza kurunzi ndogo kupitia nyuma, uisogeze polepole kando ya kila mkunjo huku ukitazama kwa nje, na usiharakishe kwenye pembe, maana hapo ndipo kitambaa au ngozi hukunjwa pande mbili kwa pamoja na kuchakaa kabla ya kwingineko. Tundu huonekana kama nukta nyeupe, ndogo kuliko ncha ya sindano, na mengine hayaonekani mpaka mvukuto usukumwe kidogo kwa kidole upande mmoja, mkunjo ufunguke. Kila unaloliona litie alama kwa chaki hapo hapo, kwa sababu ukishawasha taa hutaliona tena. Kagua pia duara ambapo ubao wa lenzi umeungana na mvukuto. Gundi ya hapo huachia taratibu, na ufa wake hudhaniwa kuwa tundu la pembeni.

Hesabu ya alama hizo ndiyo itakayokuonyesha njia. Matundu matatu au manne kwenye ngozi ambayo bado ni laini yanazibika. Pembe zote zikimetameta kama anga la usiku, kubali kwamba mvukuto umekwisha na uanze kutafuta mwingine mpya, kwani ukiziba leo, wiki ijayo yatafunguka jirani yake. Kamera za Agfa Isolette za baada ya Vita Kuu ya Pili zinajulikana sana kwa hali hii, na binafsi sioni faida ya kuzibandika viraka.

Vifaa ni vichache: rangi nyeusi isiyong'aa na inayonyumbulika ikishakauka, brashi nyembamba sana, pamba, na spiriti kidogo ya kufutia mafuta ya vidole, ambayo uijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usipake mafuta ya kulainishia ngozi kabla ya kuziba, kwa sababu rangi haitashika. Tepu ya umeme juu ya mikunjo nayo iepukwe. Ni nene, na gundi yake huyeyuka kwenye joto.

Kilicho kigumu zaidi kukiandaa ni muda. Tenga siku nzima ambayo kamera itakaa wazi bila kuguswa, kwa sababu mikunjo ikifungwa rangi ikiwa bado mbichi hushikana, na siku ya kuifungua ngozi huchanika. Tenga pia filamu moja ya majaribio: katika picha chache za kwanza acha kamera juani, mvukuto ukiwa umekunjuliwa na mlango wa nyuma umefungwa, dakika kadhaa kabla ya kuzungusha, kila mara ukigeuzia jua upande mwingine, na uandike ni picha namba ngapi iliyoelekezwa wapi.