Hita ya maji ikae wapi: pima kabla hujatoboa ukuta

Juni nilikwenda Njombe kumfungia dada yangu hita ya lita 80. Kufunga kulinichukua asubuhi moja, kurekebisha mahali nilipoiweka kukanila siku mbili. Soma hatua hizi kabla fundi wako hajashika drili.

Hatua ya 1: Anzia bafu linalotumika zaidi

Pima njia ya bomba pamoja na kona zake. Bomba la plastiki aina ya PPR la milimita 25 hubeba takriban lita 0.2 kwa kila mita. Hita ikikaa mita 12 kutoka bafuni, kila anayeoga anamwaga kwanza zaidi ya lita mbili za maji baridi. Mimi sipitishi mita 5.

Hatua ya 2: Ukuta

Lita 80 ni kilo 80, bado uzito wa hita yenyewe. Tofali za kuchoma zilizolazwa zinabeba, za kusimamishwa usiziamini, jipsamu ndiyo kabisa. Napenyeza boliti hadi upande wa pili na kuzikaza kwa bamba la chuma. Plagi za plastiki kwenye hita sizitumii.

Hatua ya 3: Linganisha hita na simtanki

Hapa ndipo nilipoumia. Simtanki la dada liko kwenye mnara wa tofali nyuma ya nyumba. Bafu ni dogo, nikaipandisha hita juu ya dari. Simtanki likijaa, maji ya moto yalitoka vizuri. Watu wakishafua, likafika nusu, bomba la baridi liliendelea kutiririka ila la moto likakohoa hewa, kisha kimya. Nilibadilisha shawa, nikafungua valvu, nikasafisha chujio, wapi!

Kumbe kitako cha simtanki kilikuwa sentimita 60 chini ya mdomo wa hita unaotoa maji ya moto. Maji baridi yanateremka tu, lakini ya moto lazima kwanza yapande hadi kwenye hita. Na hita isiyojaa ukiiwasha, koili, yaani chuma cha ndani kinachochemsha maji, inaweza kuungua.

Chukua mpira wa pima maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Leza sizikatai, ila kati ya mnara wa nje na ukuta wa ndani mpira unapinda kona, mwanga haupindi. Ujaze maji na utoe hewa yote, kwani hata povu moja lililonasa katikati linapotosha alama. Mwenzako asimame kwenye mnara, ashike ncha moja usawa wa kitako cha simtanki, wewe inua nyingine ukutani. Msizibe ncha kwa kidole. Maji yakitulia kabisa, maji ya upande wa mnara yakiwa sawa na kitako, piga alama ya penseli. Hita nzima, pamoja na bomba lake la juu, ikae chini ya alama hiyo.

Usipime kutoka ardhini kwenda juu kila upande. Kiwanja cha dada kina mteremko, na ndio ulionidanganya. Mwenye pampu naye apime, maana umeme ukikatika anabaki na kimo cha simtanki tu.

Hita niliishusha hadi ukuta wa stoo unaopakana na bafu.

Hatua ya 4: Nafasi ya koili

Upande wa kifuniko acha nafasi koili itoke nzima. Maji ya kisima yenye chumvi huijengea ukoko, utaifungua tu. Hita ya wima usiilaze.

Hatua ya 5: Bomba la valvu ya usalama

Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 80 zikifika nyuzi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita moja, kwa hiyo valvu ikidondosha matone wakati wa kuchemsha, usiizibe. Bomba lake literemke hadi nje, bila koki, mahali ambapo watoto hawachezi. Ukuta ambao bomba hili halipati pa kutokea, uache, hata kama umefaulu hatua nyingine zote.