Mchoro upi ubaki, upi uende

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Kisumu, na mama wa watoto wawili. Kila muhula ukifungwa, watoto hurudi nyumbani na bunda la karatasi, na nyumba haina nafasi ya zote. Mimi huchagua hivi.

1. Usichague siku hiyohiyo. Tia yote kwenye boksi, ungoje likizo iishe.

2. Tandaza sakafuni kwa kufuata tarehe, utafute mambo aliyoyafanya kwa mara ya kwanza. Karibu miaka mitatu, mikwaruzo hugeuka duara lililofungwa. Baadaye duara huota miguu: mtu asiye na tumbo, mikono imechomoza kichwani. Kati ya miaka mitano na saba hivi, mstari wa ardhi hutokea chini na mbingu juu. Weka angalau mmoja wa kila ngazi, hata ukiwa umechafuka. Picha niliyoichora mimi darasani, mtoto akajaza rangi tu, huwa siiweki. Mkono ulio pale ni wangu.

3. Keti naye kabla ya kuondoa chochote. Mwambie, "Hebu nisimulie huu." Ukiuliza "Hii ni nini?" atadhani amekosea. Binti yangu akiwa na miaka minne alipaka ukurasa mzima kijani. Nilikuwa nimeshauweka upande wa kutupa. Akasema, "Ni ziwa, Mama. Maji yako chini." Wiki ile gugumaji lilikuwa limefunika ufuo wote, na mimi nilipita pale kila siku bila kuona alichoona yeye. Maneno yake niliyaandika nyuma ya karatasi, pamoja na umri wake na tarehe. Andika kwa penseli, kwa maana haififii wala haichuruziki ikilowa. Wino wa kalamu za felti hupauka ukikaa kwenye mwanga.

4. Mwache naye achague mitano. Usibishane naye.

5. Kazi zilizobandikwa maharagwe au unga, zipige picha karibu na dirisha bila flashi, kisha ziage. Chakula huita mende na panya.

6. Iliyobaki itie kwenye bahasha, moja kwa kila mwaka, na karatasi safi katikati ya michoro ya krayoni, maana joto letu huifanya inate. Usiilaminishe: mashine huyeyusha krayoni, na plastiki ikishashika haitoki. Bahasha ziwe kwenye sanduku la bati juu ya kabati, mbali na mchwa wa sakafuni na ukuta unaotota mvua za Machi hadi Mei.

Karatasi zinazoondoka, zenye upande mweupe huzirudisha mezani zichorwe tena. Nyingine zinaweza kuwashia jiko, ila si mbele ya mtoto. Wangu aliwahi kuona jua lake likishika moto, akakaa siku mbili bila kugusa krayoni.