Jinsi ya Kufuatilia Chanzo cha Vita vya Korea, Hatua kwa Hatua

Insha nyingi ninazosahihisha huanza na Marekani na Umoja wa Kisovieti, kana kwamba Wakorea wenyewe hawakuwa na ugomvi. Mimi hufundisha kuanza na wenyeji.

Hatua ya kwanza, bainisha ugomvi wa ndani. Baada ya utawala wa Japani kukoma mwaka 1945, Kim Il Sung upande wa kaskazini na Syngman Rhee upande wa kusini walikuja kudai, kila mmoja kwa itikadi yake, kwamba ndiye mtawala halali wa rasi nzima, na kufikia 1949 majeshi yao yalikuwa yakishambuliana mpakani.

Hatua ya pili, onyesha mkono wa wageni, lakini usikae sana hapa: inatosha kueleza kwamba mstari wa nyuzi 38, uliogawa kaskazini na kusini, ulipendekezwa na maofisa wawili wa Marekani waliokuwa na ramani tu mbele yao.

Hatua ya tatu ndiyo kiini. Tafuta lini mlezi wa Kim, yaani Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikataa na lini alikubali, kisha uulize ni nini kilichobadilika katikati. Kim aliomba ruhusa ya kushambulia, Stalin akamkatalia Machi 1949 na tena Septemba 24. Januari 30, 1950 akaonyesha kuwa yuko tayari kumsaidia. Wengi hukimbilia bomu la atomiki la Wasovieti, ila lilijaribiwa Agosti 29, 1949, kabla ya katazo la pili, kwa hiyo peke yake halielezi mageuzi hayo. Kilichofuata katazo ni Mao kutangaza Jamhuri ya Watu wa China Oktoba 1, na hotuba ya Dean Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, ya Januari 12, iliyoiacha Korea nje ya mstari wa ulinzi wa Marekani. Hata hivyo Stalin alishurutisha kwamba Mao naye aridhie.

Hatua ya nne, pima hesabu zilizokosewa. Shambulio la kaskazini dhidi ya kusini la Juni 25, 1950 liliikuta Moscow ikisusia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, hivyo hapakuwa na kura ya turufu ya kuzuia maazimio; Marekani nayo ilipuuza maonyo ya China kwamba ingeingilia vita, na majeshi ya China yakavuka mto Yalu, ulio mpakani mwa China na Korea, mwezi Oktoba.

Kabla ya kukabidhi insha, yafute kwa muda majina ya mataifa makubwa katika rasimu yako. Kama hakuna ugomvi unaobaki, rudi hatua ya kwanza.