Kuseti kichwa cha panorama kwenye tripodi kwa picha za vichochoro vya Mji Mkongwe

Kama unapiga panorama (picha moja pana inayoshonwa kutoka picha kadhaa) ya bahari pale Nungwi, jua linazama, na karibu yako hakuna kitu zaidi ya mchanga, basi usihangaike, hata kwa mkono inatoka na haya nnayoeleza hapa huyahitaji. Kazi inakuja ukiingia mjini. Simama Hurumzi au Gizenga, ukuta uko mita moja kulia kwako, baraza kushoto, waya za umeme juu ya kichwa, na kule mbele mlango wa nakshi, piga picha zako halafu nenda kazishone kwenye kompyuta uone: waya zimekatika katikati ya hewa, ukingo wa baraza umefanya ngazi, misumari ya shaba ya mlango imetoka miwili miwili.

Hiyo ndo paralaksi. Nyanyua dole gumba mbele ya uso, lilinganishe na nguzo ya umeme ya mbali, fumba jicho moja kisha fumba la pili, unaona dole linavyoruka? Kamera ikizungukia mahali pasipo, lenzi inahama kidogo kila unapoigeuza, na vitu vya karibu vinaruka hivyo hivyo mbele ya vitu vya mbali. Sasa programu itashona vipi kitu ambacho picha hii kiko kushoto ya nguzo na picha ya pili kiko kulia? Haiwezi, hata uinunue ya bei gani. Dawa ni kamera izungukie kwenye nodo pointi, yaani pale ambapo ukizungushia vitu vya karibu haviruki, na hiyo ipo ndani ya lenzi, wala si pale kwenye tundu la skrubu chini ya bodi ya kamera, ndo maana kichwa cha kawaida cha tripodi hakikufai kitu humu vichochoroni.

Kichwa cha panorama kina kizungushio chini chenye alama za digrii, reli ya chini inayokwenda kulia na kushoto, mkono uliosimama, na reli ya juu inayokwenda mbele na nyuma. Kamera unaifunga wima, si ya kulala, kwa sababu nyumba zetu zimepanda juu na kichochoro chenyewe chembamba. Kukiagiza kichwa kizima bei yake inauma, skwambii, lakini kama una reli ya kusogezea kamera tayari, fundi aluminiamu yule anaetengeneza madirisha anaweza kukukatia pembe ya L nzuri tu, mwambie skrubu ya kamera ni ya robo inchi na ile nene ya kwenye tripodi ni ya 3/8, na asikupe bati jembamba, likitikisika kazi yote bure.

Kwanza usawa. Sawazisha miguu mpaka povu la pimamaji likae kati, halafu zungusha kichwa mzunguko mzima huku unaliangalia, likihama ujue bado. Na kizungushio lazima kiwe juu ya kile unachosawazishia, kama unatumia kichwa cha mpira (kile chenye tufe linaloinama kila upande) basi mpira uwe chini na kizungushio juu yake, ukipindua hivyo kamera itasoma sawa upande mmoja tu na ukigeuka upeo wa macho unapanda kilima.

Pili, kulia na kushoto. Inamishe kamera itazame chini moja kwa moja, washa skrini na ile mistari ya gridi, tafuta skrubu ya katikati ya kizungushio. Ikiwa imekaa pembeni sogeza reli ya chini mpaka iwe kati kati ya picha, kaza, andika namba iliyopo kwenye reli. Namba hii ni ya bodi ya kamera, ukibadilisha lenzi haibadiliki.

Sasa mbele na nyuma, na hapa ndo usifanye haraka, jipe hata saa nzima. Fanyia nyumbani. Dirisha lenye nondo linatosha kabisa: weka tripodi kama nusu mita au mita kutoka dirishani, toa mkeka au zulia miguu ikae kwenye sakafu yenyewe, chagua nondo moja uifunge uzi mwekundu usije ukaichanganya na wenzake (zinafanana zote, utajikuta unalinganisha nondo nyingine kila ukigeuza), halafu tafuta kitu chembamba kilichosimama mbali nje, nguzo ya umeme, antena, na kama dirisha lako linaiona Minara Miwili basi umebahatika. Kamera iangalie mbele sawa, lenzi kwenye urefu wa fokasi utaotumia (zile namba za milimita kwenye pete, kama 18 au 35), apacha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) f/11 ili nondo na nguzo vyote vionekane, na uhamishe tripodi mpaka nondo ya uzi imeziba nguzo barabara.

Zungusha kamera kulia, nondo iende karibu na ukingo wa kushoto wa skrini. Kuza picha uangalie. Kama nondo imehama kushoto ya nguzo, lenzi iko mbele mno, rudisha kamera nyuma kwenye reli ya juu. Kama nondo imekwenda kulia ya nguzo, kamera iko nyuma mno, isogeze mbele. Kila ukisogeza, irudishe kati, linganisha upya, jaribu tena, na jaribu na upande wa pili pia. Mwanzo unasogeza sentimita, mwisho milimita. Siku nondo na nguzo zimegandana kati, kulia na kushoto, kaza kila kitu na uandike namba. Mie napenda kubandika kipande cha tepu kwenye reli yenyewe na kuandika juu yake jina la lenzi na urefu, maana lenzi ya kuvuta kama 18-55 nodo pointi yake inahama ukivuta, namba ya 18 haifai kwenye 35. Chagua urefu mmoja, uushikilie, na ukiweza bandika tepu hata kwenye pete ya lenzi isigeuke.

Idadi ya picha: kamera yenye sensa ya APS-C (ile ndogo) na lenzi ya milimita 18 ikiwa wima, geuza digrii 30 kila picha, picha 12 unamaliza mzunguko. Fulfremu (sensa kubwa) na lenzi 24, digrii 36, picha 10. Hapo zinapandana kama theluthi moja, inatosha.

Seti za kamera zote kwa mkono. Weka modi ya M, pima mwanga penye wastani, si gizani chini ya baraza wala si juani, usiguse tena. Waiti balansi (mizani ya rangi) usiiache oto, ukuta wa chokaa utatoka njano picha hii na buluu picha ile. Fokasi ya mkono, kwa 18 na f/8 kwenye APS-C ukiweka fokasi mita 2 unapata ukali kuanzia takriban mita moja mpaka mwisho wa macho, kisha zima otofokasi. Kizuia mtikisiko kizime, filta ya polaraiza itoe, la sivyo mbingu itakuwa na madoa. Taima ya sekunde 2 kama huna rimoti. Mchana wa saa sita usijisumbue, ukanda wa mbingu unaungua na chini kiza, njoo saa kumi na moja jioni au asubuhi mapema kabla vespa hazijaanza.

Watu watapita tu, mji ni wao. Waombe radhi, mwenye kukaa barazani muulize kwanza, na pale Jaws Corner kaa unywe kahawa kabla hujafungua tripodi, utaona wanavyokusaidia wenyewe. Anaepita msubiri aingie katikati ya picha moja kuliko kwenye mpandano wa mbili, au piga kila pembe mara mbili. Kusi likivuma ning'iniza begi chini ya tripodi, na ukitoka ufukweni osha miguu yake kwa maji baridi, chumvi inakula viungo.

Kushona tumia programu ya Hugin, ni ya bure. Mtu akitoka nusu, kuna sehemu ya maski, mfute kwenye picha moja umwache kwenye ya pili. Kuta zikipinda, weka pointi za mstari wima kwenye fremu za milango mitatu minne iliyo mbali mbali, si mlango mmoja, maana milango mingine ya mjini yenyewe imeshainama zamani.