Karani wa mizani: punguza msongo msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba, foleni ya magunia kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) za Newala au Ruangwa humchosha karani kabla ya saa sita. Gawa namba asubuhi. Nusu ya kelele huishia hapo, maana watu hugombana kwa kutojua zamu yao.

Kila baada ya magunia 20, weka kalamu chini. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, mara 6. Ukivuta kwa pupa utapata kizunguzungu. Maji yakae karibu na mizani, si ofisini.

Mkulima akifoka kuhusu daraja la ubora wa korosho zake, mwoneshe sampuli. Kubishana kunaongeza foleni tu. Simu za kuulizia malipo zijibu kwa mkupuo, saa tisa.