Jinsi ya Kukagua Meno ya Sungura

Sungura akianza kudondosha majani anayotafuna, kidevu kikalowa mate na kinyesi kikawa kidogo kuliko kawaida, usikimbilie dawa ya minyoo. Mfunue mdomo kwanza.

Keti chini, umpakate juu ya kanga iliyokunjwa, makalio yake yakiegemea tumbo lako, kwa kuwa akikurupuka kutoka mezani anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Tuliza kichwa kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili upandishe taratibu mdomo wa juu. Meno mawili makubwa ya juu yanatakiwa yawe mbele kidogo ya mawili ya chini. Nyuma ya hayo ya juu yamejificha mengine mawili madogo mno, ambayo panya hana. Na tofauti ya namna hiyo ni miongoni mwa sababu zilizomfanya J. W. Gidley, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, mwaka 1912, apendekeze sungura watengwe kabisa na kundi la panya. Ukiona pengo refu kabla ya magego usishtuke, maana sungura hana chonge kama mbwa. Pimbi wa kwenye mawe ya Mwanza, ambaye kwa mbali hufanana na sungura, ana meno mawili ya juu yaliyochongoka kama vipembe, ilhali mbuzi hana jino la mbele juu hata moja.

Meno yote 28 ya sungura hukua maisha yake yote, na yale ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kwa wiki. Magego ya panya wa kawaida hayakui hivyo. Kwa hiyo kinachomwokoa sungura ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi, taya likisaga kwenda upande hadi upande. Pumba za mahindi, ambazo mabanda mengi huzitegemea, humezwa upesi bila kusugua magego. Mpe matete na nyasi kavu kila siku, hasa kiangazi, nyasi mbichi zinapokuwa adimu.

Magego huwezi kuyaona nyumbani, basi papasa taya kwa nje ukitafuta uvimbe. Meno yaliyopitana yasikatwe kwa koleo, kwa sababu jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ayapunguze kwa kifaa kinachosaga. Ikiwa kasoro ilionekana tangu utotoni, huenda ni ya kurithi, na sungura huyo hafai kupandishwa.